Barua kwa binti yangu aliyeko Zagreb

Mwanangu Rehema,

Hatujambo huku. Mama yako anakusalimu na anauliza kama koti linatosha.

Umeuliza kwa nini muuza mkate kakujibu "nema kruha", hakuna mkate, ilhali katika darasa la Kikroatia mmefundishwa mkate ni kruh. Hakukosea. Kitu kisipokuwepo, jina lake baada ya nema hubadilika mwisho: kruh huwa kruha, voda huwa vode. Nema vode, hakuna maji. Hata mtu: nema ga, hayupo. Utaisikia kutwa, sokoni Dolac na ndani ya tramu, maana "nema problema" ndiyo hamna shida yao.

Kwa vitenzi vingi kazi ni nyepesi kuliko kwetu. Unatanguliza ne, kitenzi hakiguswi: znam, najua, ne znam, sijui. Iandike mbali na kitenzi. Yanayoungana ni machache, ila ndiyo ya kila saa: nisam (mimi si), nemam (sina), neću (sitaki). Yashike haya kabla ya kingine chochote, kwa sababu nisam ndiyo inayokanusha wakati uliopita, na neću wakati ujao. Neću doći, sitakuja. Nisam razumjela, sikuelewa. Hapo angalia: mimi niliposoma huko enzi za Yugoslavia nilisema nisam razumio, kwa kuwa ni mwanamume. Usiniige hilo, watakucheka.

Sasa lile linalowatoa wageni jasho: nitko ništa ne zna. Sisi tunasema hakuna anayejua chochote, yametosha. Wao "nani" anakanushwa, "nini" kinakanushwa, na kitenzi nacho hakisalimiki. Ukisema "nitko zna" utaeleweka, lakini masikio yatawauma. Tena ukitaka kusema hukuzungumza na mtu yeyote, ni nisam razgovarala ni s kim: neno nikim, umbo la nitko, linapasuliwa, na s, yaani "pamoja na", inapenyezwa katikati. Kwangu hilo ndilo tamu kuliko yote katika lugha ile, ingawa mwalimu wako pengine atalipitia mbiombio.

Kukataza utatumia nemoj: nemoj kasniti, usichelewe. Hiyo ni ya wenzako. Kwa profesa, au bibi wa jirani, sema nemojte.

Pesa ya bweni nitatuma Ijumaa. Ikichelewa nijulishe, na safari hii niandikie kwa Kikroatia.

Baba yako