Mtoto akiuliza kitabu kinatengenezwaje, aonyeshwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu watoto. Mwandishi wa vitabu vya watoto akialikwa shuleni hapa Tanga, iwe Chumbageni au Pongwe, maswali huwa ni yale yale, na mara nyingi jibu wanaloondoka nalo ni "someni kwa bidii, nanyi mtakuwa waandishi". Mtoto anayeuliza ngalawa inachongwaje huonyeshwa shoka na tezo. Anayeuliza kitabu kinatengenezwaje naye aonyeshwe zana zake.

Swali la kwanza siku zote ni hili: hadithi unaitoa wapi? Wanangu, hadithi huanza pale mtu anapotaka kitu na kitu kingine kinamzuia. "Asha alikwenda sokoni" bado si hadithi. "Asha alitumwa nazi mbili soko la Mgandini, pesa ikamponyoka ikatumbukia mtaroni" tayari ni hadithi, maana msomaji anataka kujua atarudi nyumbani na nini. Kuweni na daftari dogo, na kila jioni andikeni mistari mitatu tu: umeona nini, umesikia sauti gani, nani kasema neno gani. "Leo nilifurahi" haitakusaidia kitu mwezi ujao. "Muuza samaki alifunika ndoo kwa kanga yenye matone ya maji" itakusaidia.

Wengine huuliza kama hadithi ya kubuni inaruhusiwa kudanganya. Sungura akiongea, hakuna anayelalamika; tumelelewa kwa paukwa pakawa. Lakini ukimtaja kiumbe wa kweli kwa jina lake, mchunguze kwanza. Chukueni silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zamani za dinosaria mpaka mwaka 1938 alipopatikana Afrika Kusini, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa mara kwa mara kwenye nyavu za jarife mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiandika kwamba alikuwa akiruka juu ya maji mchana pembeni mwa mtumbwi, umekosea, kwa kuwa mchana hujificha kwenye mapango ya kilindini na hutoka usiku kutafuta chakula. Ukiandika kwamba alitaga mayai kwenye matumbawe, umekosea tena: mayai yake huanguliwa tumboni, akazaa watoto walio hai. Na ukweli huo una faida kwako. Samaki anayelala pangoni mchana kutwa na kutoka gizani ni mhusika mzuri kuliko yule anayerukaruka.

Kitabu kina kurasa ngapi, na nani kaamua? Karatasi ndiyo inayoamua. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, kwa hiyo kitabu kinachobanwa pini mgongoni lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4: 16, 24, 32. Chukua cha kurasa 24. Ukurasa wa kwanza ni wa jina la kitabu, wa pili ni wa habari za mchapishaji, zinabaki 22. Nusu yake ukiziachia picha, una kurasa 11 za maneno. Kwa msomaji wa darasa la kwanza au la pili, ukurasa mmoja hubeba sentensi zisizozidi tatu, kila moja maneno yasiyozidi manane. Zidisheni wenyewe: maneno 264. Hadithi nzima hiyo! Ndiyo maana "Asha alivaa gauni jekundu" hufutwa bila huruma, picha imeshalionyesha gauni.

Picha kwa kawaida huchorwa na mtu mwingine, na mwandishi humpa mchoraji maelezo mafupi ya kila ukurasa: nani yupo, ni saa ngapi, kitu gani lazima kionekane. Makosa yanayorudi ni mawili. Mhusika hubadilika nguo katikati ya siku ile ile, kwa sababu hakuna aliyeandika orodha ya mavazi. Na uso wa mtu huangukia kwenye mkunjo wa kurasa, ukamezwa.

Kuhusu kuandika upya: msomee mwenzako kwa sauti, na kila unapojikwaa weka nukta kwa penseli bila kusimama. Ukimaliza, rudia penye nukta tu. Ulimi hujikwaa penye sentensi ndefu au penye neno lisilo lako. Nawaomba walimu wangu hapa: insha ya hadithi msianze kuisahihisha kwa kalamu nyekundu juu ya herufi kubwa na nukta. Muulizeni mtoto kwanza, "halafu ikawaje?" Tahajia itasahihishwa mwisho, na hata kwa mchapishaji ndiyo hufanywa mwisho.

Zile tarakimu 13 nyuma ya kitabu ni ISBN, kitambulisho cha kitabu. Huanza na 978, na katika vitabu vingi vya Tanzania hufuatiwa na 9976 au 9987. Chukueni kitabu chochote chenye tarakimu hizo 13 mjaribu: tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo zijumlisheni kama zilivyo, ya pili, ya nne, ya sita na wenzake zizidisheni kwa 3 kwanza. Jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10. Isipogawanyika, mmenakili vibaya.

Pesa? Mwandishi hulipwa mrabaha, yaani fungu la bei ya kila nakala inayouzwa. Mkataba ukisema asilimia 10 na kitabu kikauzwa Sh5,000, anapata Sh500 kwa nakala. Wengi wana kazi nyingine pia. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali huku akiandika.

Na lile swali ninalolipenda: je, naweza kutengeneza changu sasa hivi? Ndiyo, leo. Tafuta karatasi 4 za A4, kipande cha manila cha ukubwa huo huo kwa jalada, sindano nene na uzi imara wa sentimita 60. Kunja karatasi zote pamoja katikati, upate kurasa 16. Kabla hujaandika hata neno, zipe namba kwa penseli zikiwa zimekunjwa. Watoto wengi huruka hatua hii, wakizitenganisha karatasi hadithi inavurugika, kwa sababu karatasi ya nje kabisa hubeba ukurasa wa 1, 2, 15 na 16. Acha sentimita 2 tupu upande wa mkunjo, la sivyo maneno yatamezwa.

Maneno na picha zikikamilika, kunja manila nayo katikati, panga karatasi ndani yake kwa namba zake, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila ncha. Sindano ianzie ndani, itokee nje kwa tundu la katikati; bakiza mkia wa uzi wa vidole vinne. Ingia ndani kwa tundu la juu, shuka mpaka la chini bila kugusa la kati, tokea nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Sasa ncha zako mbili zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo juu yake. Zikikaa upande mmoja, mshono hulegea siku ya pili. Kurasa za katikati zitachungulia nje kidogo kuliko za pembeni. Mpe mtu mzima rula na wembe azisawazishe.

Ukurasa wa mwisho andika jina lako, shule na tarehe. Ukiombwa kitabu hicho na yeyote, toa nakala ya fotokopi, cha uzi kibaki nyumbani.

Mwandishi wa vitabu vya watoto,
Tanga