Toa Vichwa Vyako Kwenye Maboksi

Dodoma, Agosti 2025

Kwako swahiba Ramadhani,

Salaam nyingi kutoka Ugogoni. Sisi wazima, ila upepo wa kiangazi umeshaanza na vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Mama Neema anakusalimu shemeji yake, na anamwambia Mama Salma kwamba ile asali ya Tabora ilikwisha zamani.

Picha ulizonitumia nimezitazama moja moja. Kaka yako amekufanyia jambo kubwa kukukusanyia zile treni ndogo za mfano huko Hamburg. Kile kichwa cheusi cha mvuke chenye magurudumu mekundu kimenikosesha usingizi, sikufichi. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni, na wewe ni mtu wa kuambiwa: kila picha ni boksi. Kichwa kimo kwenye boksi, mabehewa yamo kwenye boksi, na plastiki zake hazijachanwa. Unasema ukivitoa vitashuka thamani. Ndugu yangu, boksi halivitunzi kama unavyodhani. Grisi ya kwenye gia ikikaa miaka bila kuzunguka inaganda. Zile raba nyembamba zinazovishwa magurudumu ili yashike reli zinakauka na kukatika. Siku utakayokiwasha, mota italia na kichwa hakitasogea, na hapo hiyo thamani utamwuzia nani?

Ngoja nikueleze tunavyofanya huku, kisha uamue.

Tuko wachache, tunakutana Jumamosi jioni barazani kwangu, na kila mmoja anakuja na kipande chake cha reli. Hakuna mwenye nyumba ya kuweka njia nzima. Tunatumia kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, kila kitu kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na kwa kipimo hicho kilomita moja ya reli inakuwa mita 11 na nusu. Dodoma hadi Manyoni peke yake ingetaka zaidi ya kilomita moja ya reli ndogo. Kwa hiyo mtu anachagua stesheni moja anayoipenda, anaitengeneza vizuri, na siku ya kukutana tunaunganisha. Mmoja ana stesheni kongwe ya Dodoma mjini, mwingine Bahi na majaruba yake ya mpunga. Mimi nimechukua Saranda.

Unajua kwa nini Saranda. Pale ndipo treni inapofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na pale ndipo abiria wanaposhuka kununua kuku. Nimeweka kina mama wenye sinia kichwani. Mtu mzima kwenye kipimo hiki ana urefu wa sentimita 2, na sinia nimezikata kwenye karatasi ya bati ya dawa za vidonge. Mbuyu nimeutengeneza kwa waya wa shaba wa umeme. Unasokota nyuzi zake pamoja upate shina, unaziachanisha juu ziwe matawi, kisha unavingirisha karatasi laini iliyolowa gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka shina linenepe. Ukikauka unapaka rangi ya kijivu yenye wekundu kidogo. Usiweke majani. Mbuyu wa kiangazi hauna majani, na mtu wa Dodoma akiona mbuyu wa kijani mwezi wa Agosti atajua mtengenezaji hajawahi kufika huku.

Udongo ni wa hapa hapa. Nimeuchota nje ya uzio, nikauchekecha kwenye chekecheo la chai mpaka ukawa unga. Kabla hujaumwaga, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Utashangaa chembe nyeusi zitakazonasa; ni madini ya chuma, na yakiingia kwenye mota ya kichwa yanaimaliza. Kisha mwaga udongo, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili uloane sawasawa, halafu dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ukitumia bomba la sindano. Kesho yake umekuwa mgumu na rangi yake ni ile ile ya ardhi ya Saranda. Hakuna rangi ya kopo inayoweza kuipata. Mawe na miinuko ni povu nyeupe la maboksi ya televisheni lililopakwa jasi, na jasi yenyewe inachimbwa Itigi, stesheni chache kutoka hapo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote. Wajerumani walipoianza Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Dodoma 1910 na Kigoma 1914, waliilaza kwa upana wa mita moja. Hii ya umeme iliyoanza kutuletea abiria hapa Dodoma mwaka 2024 ina upana wa milimita 1,435. Gawa zote mbili kwa 87. Ya umeme inakupa milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ndogo unaouzwa kuliko wowote duniani. Ya zamani inakupa 11.5, na madukani iko ya milimita 12, ambayo kampuni kama Bemo ya Ujerumani inaitengeneza kwa ajili ya wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, maana nazo nyingi zinatembea kwenye reli ya mita moja. Umeona? Treni za Uswisi zimetutengenezea reli ya Bahi bila kujua. Kwenye ubao mmoja naweka MGR, ile ya zamani ya mita moja, na SGR, hii ya umeme, kila moja kwa upana wake wa haki, na mtoto akitazama anaona tofauti ile ile anayoiona akisimama mahali ambapo njia hizo mbili zinakaribiana.

Mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, tunao. Kijana mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma aliuchonga kwa plastiki bapa na kuuvika juu ya chesisi ya treni ya Ulaya. Pua yake ilimpa kazi, alipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, lakini sasa hata dereva wa bodaboda anayepita nje anaitambua. Treni halisi ina mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwenye kipimo chetu ni nusu mita kwa sekunde, basi. Wageni wote wanataka tuikimbize zaidi ya hapo. Mimi siruhusu, kwa sababu ikipita kwa mwendo wake wa kweli mbele ya tembe na mibuyu, unaamini.

Umeme si shida. Treni ya SGR inakula volti 25,000 kutoka kwenye nyaya za juu, zetu zinatosheka na volti 12 za kwenye reli, kwa hiyo betri ya sola inatuendesha hata kukiwa na mgao. Vumbi ndilo adui. Kabla ya kuanza lazima mtu apitishe kitambaa cha pamba chenye spiriti kwenye reli zote, la sivyo vichwa vinakwamakwama.

Kuna mzee jirani yangu aliyestaafu kazi ya reli. Mwanzoni alikuja kutazama tu. Siku moja tulikuwa tunaendesha treni mbili, akanyanyua mkono: "Simamisha. Hiyo ya kutoka Manyoni itapita wapi?" Tukatazamana. Njia ni moja, treni mbili zinakutana uso kwa uso, na njia ya kupishana tuliyoweka pale Bahi ilikuwa fupi kuliko treni ya mizigo. Akakaa kitini, akatufundisha: treni ndefu inabaki njia kuu, fupi inaingia pembeni, aliyeingia kwanza anangoja, na hakuna anayeondoka mpaka stesheni ya mbele iseme njia ni nyeupe. Tangu siku hiyo hatuzungushi treni kama watoto. Kila stesheni ina mtu wake, tunapigiana simu kweli kweli, na kupishanisha treni mbili Bahi kunaweza kuchukua robo saa ya furaha tupu. Mzee hakosi Jumamosi hata moja.

Ndiyo maana nakutaka wewe. Tabora ndiyo stesheni yenye kazi kuliko zote kwenye njia hii. Pale treni inakatwa, mabehewa ya Mwanza yanatengwa na ya Kigoma, vichwa vinabadilishwa. Tukiwa na kipande cha Tabora, mizigo yetu itakuwa na pa kwenda. Reli ya umeme huko kwenu bado inajengwa, basi weka tuta tupu lenye kifusi na greda. Litapendeza, na siku treni itakapofika utalaza reli.

Vipimo vya kuungania ni hivi, na naomba uvifuate bila kupunguza. Urefu kutoka sakafuni hadi juu ya reli ni sentimita 110. Upana wa ubao mwishoni ni sentimita 50. Reli ya mita moja iwe sentimita 15 kutoka ukingo wa mbele, na ya umeme, au tuta lake, sentimita 10 nyuma yake. Sentimita 10 za mwisho reli iende moja kwa moja na ikutane na ukingo kwa pembe mraba, usiishie kwenye kona. Matundu ya bolti nitakutumia kigezo cha kadibodi. Juu tumia plaiwudi ya milimita 12, na fremu piga ya mninga, kwa kuwa mko nao na haupindi ovyo. Mbao mbichi usiguse; itakuja hapa kwenye ukame wetu na kujikunja.

Kuhusu maboksi, kabla ya kubeba chochote fanya hivi. Pindua kila kichwa utazame chini. Ukiona kitelezi kirefu cha chuma katikati, hicho ni cha mfumo wa Märklin, kinachukua umeme kwenye vichomo vya katikati ya reli na magurudumu yake hayajatenganishwa, kwa hiyo kwenye reli zetu kitapiga shoti. Viweke kando, tutavitafutia njia yake. Visivyo na kitelezi njoo navyo vyote. Halafu soma ubavuni mwa boksi: vya Kiingereza vilivyoandikwa OO ni 1 kwa 76, vinatembea kwenye reli ile ile lakini ni vikubwa kuliko vyetu, ukivipanga pamoja jicho linakataa. Najua vichwa vya Ulaya havikuwahi kupita Bahi. Hilo lisikuzuie. Jumamosi ya mgeni ni ya mgeni, anaendesha alichonacho kwenye njia ya 16.5, na mzee yule ameshaniuliza kile cheusi chenye magurudumu mekundu kitafika lini.

Kaka yako mwombe siku akipata nafasi aingie Miniatur Wunderland pale pale Hamburg. Ni maonyesho makubwa ya treni za kipimo hiki chetu, ndugu wawili mapacha wa ukoo wa Braun waliifungua mwaka 2001. Apige picha za chini ya meza, jinsi nyaya zilivyofungwa. Za juu ya meza tumeshaziona.

Panda treni ya zamani kutoka huko, maboksi uyapakate, usiyaweke kwenye behewa la mizigo. Nitakupokea stesheni. Niandikie tu vingapi vina kitelezi na vingapi havina, nijue nikate reli kiasi gani.

Wako,
Shaibu