Jumamosi: modeli kwanza, michoro baadaye

Wadau, habari za jioni. Jumamosi saa nne asubuhi, palepale Mwanga, tunaendelea na Eclipse Sirius, programu ya kutengeneza zana za kuchora michoro kutokana na modeli. Kila mmoja aje na modeli yake ya Ecore (lugha ya kueleza aina za vitu na uhusiano wake) ikiwa imekamilika: Boti, Bandari, Safari. Safari iwe na marejeo mawili, yaani viungo ndani ya modeli, kwenda Bandari, ya kuondokea na ya kufikia. Wiki iliyopita wengi mliandika jina la bandari kama maandishi tu, ndiyo maana mshale wa Kibirizi kwenda Kagunga haukuchoreka. Sirius haibahatishi, inasoma modeli, nawe unaieleza Bandari iwe kisanduku, Safari iwe mshale. Rangi tuziache kwanza, jamani! Pakueni programu mkiwa nyumbani, ni nzito. Mwenye ekstensheni ya umeme aje nayo.