Kabla ya kugusa kabureta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotunza pikipiki za zamani nyumbani. Jamani, acheni kukimbilia kabureta.

Nina Honda CG125 ya toleo la mwanzo, lile lililotoka mwaka 1976, bado ya platini, vile vibao viwili vya chuma vinavyofunguka ili plagi itoe cheche. Ilikuwa ya marehemu baba. Mwaka jana ikaanza usumbufu: hadi uipige kiki mara kumi ndipo iitike, na ikishawaka haina nguvu, injini inachemka. Plagi nikiifungua naikuta nyeusi tii kwa masizi. Fundi mmoja aliitazama plagi hiyo tu, akasema mafuta yanazidi. Akafungua kabureta, akachokonoa jeti, kile kijipande chenye tundu la kupitishia mafuta, kwa waya. Jeti ni ya shaba laini na tundu lake ni dogo mno. Waya ukilipanua, halirudi. Pikipiki ya baba ikaanza kunywa mafuta kuliko mwanzo. Nililala na uchungu siku hiyo.

Nikaamua kushika spana mwenyewe. Nilianza na valvu, asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha. Nikazungusha magneto, lile gurudumu la pembeni mwa injini, hadi alama ya T, ya pistoni kuwa juu kabisa, ikae mahali pake, nikahakikisha roka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu, zinacheza, kwa sababu zisipocheza pistoni iko juu lakini si kwenye kubana, na kila utakachopima hapo ni uongo. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.08 upande wa eksozi haikuingia kabisa. Nikalegeza, nikarekebisha, nikakaza, nikapima tena, maana nati ikikazwa huondoka na skrubu yake.

Kisha platini. Pengo linatakiwa liwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, langu halikufika hata 0.2. Nyuso zake zilikuwa zimeungua, upande mmoja kashimo, upande wa pili kakilima kanakoingia humo humo. Nikabana kipande cha karatasi nyembamba katikati, nikawa naivuta taratibu huku nazungusha magneto. Ilipoachiwa, yaani platini zilipofunguka, alama ya F, panapotakiwa cheche itoke, ilikuwa imeshapita zamani. Hapo nikaelewa kila kitu. Pengo likipungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche nayo huchelewa. Mafuta yanaungua wakati pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea, joto linabaki kwenye injini. Cheche yenyewe ilikuwa dhaifu, ndiyo maana ya yale masizi. Kabureta haikuwa na kosa lolote hadi ilipochokonolewa.

Nilisugua kwa msasa laini, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikapanga pengo upya. Safari hii karatasi iliachia pale pale kwenye F. Jeti nikanunua nyingine yenye namba ile ile ya asili. Skrubu ya hewa niliigusa mwisho kabisa, injini ikiwa ya moto, nikiizungusha robo kwa robo na kusikiliza. Kiki ya pili ikawaka. Nilipoitembeza na kufungua plagi, ilikuwa na rangi ya kahawia, dalili kwamba mafuta yanaungua vizuri.

Valvu za CG huendeshwa kwa vijiti, na Honda waliiunda hivyo ili ivumilie watu wanaosahau matunzo. Inavumilia kweli. Ndiyo maana ilitembea miaka ikiwa inaumwa na sisi tukaona ni uzee.

Na chanzo chenyewe nilikiona siku ya kufunga. Kuna kipande kidogo cha sufi kinachopaka grisi kisigino cha platini, ile sehemu inayosuguliwa platini inapofunguliwa. Changu kilikuwa kikavu, kigumu kama ukuni, na kisigino kimeliwa, ndipo pengo likafungika. Kitieni grisi kidogo sana, isifike kwenye nyuso, kila mnapofungua kupima.

Ni mimi msomaji wako,
Mrithi wa pikipiki ya baba