Wenye boti za matanga si wabahili, nafasi ndiyo hawana

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja alilalamika katika safu hii kwamba wageni wa boti za matanga wanaotia nanga kwenye hori ya Kilifi ni wabahili. Eti wanachagua vitunguu kimoja kimoja, wanakataa katoni, na mayai wanayachungulia kama wanaonunua dhahabu. Mimi nawauzia watu hao mboga na matunda tangu mwanangu wa kwanza akiwa chekechea, na sasa yeye ndiye anayenibebea vikapu. Naomba nafasi nimjibu, kwa kuwa maneno hayo nayasikia hata sokoni kwetu, na yanatukosesha wateja.

Boti nyingi huja huku na kusi, upepo wa kutoka kusini, zikitoka Madagaska, Komoro au Shelisheli, na nyingine hungoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ishike ndipo zishuke. Kutoka hapa hadi Shelisheli ni karibu maili 1,000 za baharini. Chombo kinachokwenda maili tano kwa saa kitakuwa majini zaidi ya siku nane, usiku na mchana, na njiani hakuna genge la kununua mboga. Kila kitu, tangu chumvi hadi spana, kikae ndani ya boti ya mita 11 au 12 ambamo watu wanalala, wanapika na kuoga.

Anayedhani mle ndani mna stoo hajapata kuingia. Mimi nimeingia. Mama mmoja Mfaransa, mteja wangu wa miaka, aliniita nimpokeze vitu mwenyewe maana mumewe mgongo ulikuwa unamsumbua. Akainua godoro wanalolalia. Chini yake ubao wenye tundu la kidole. Akautoa. Mikebe ya maharagwe na njegere imelazwa ubavu, safu kwa safu, na hakuna hata mmoja wenye karatasi. Juu ya kila kifuniko ameandika kilichomo kwa wino usiofutika. Nikamuuliza, "Mama, mbona umeivua nguo?" Akacheka, akanieleza kwamba maji yakiingia huko chini karatasi zinabanduka, zinaelea hadi kwenye pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ya chombo, na kuiziba, tena siku ile ile unayoihitaji.

Kisha akanyanyua kipande cha sakafu. Chupa za mafuta ya kupikia, kila moja imevishwa soksi kuukuu zisigongane. Unga na mchele umo nyuma ya viti, katika makopo ya plastiki ya pembe nne, kwa sababu makopo ya mviringo huacha pembe tupu na pembe tupu ni kilo nzima ya mchele iliyobaki nchi kavu. Droo ya visu nikaivuta, ikagoma. Kumbe lazima uinyanyue kwanza ndipo itoke: ubao wake una pengo linalokamata ukingo, ili boti ikilala upande visu visimwagike mapajani mwa mtu. (Mkwe wangu ni seremala. Nilimsimulia, na sasa hutengeneza droo za namna hiyo kwa boti mbili tatu. Wenye vyombo wanamlipa vizuri kuliko wenye nyumba.) Mwisho akanionyesha daftari. Amechora boti nzima kama inavyoonekana kutoka juu, kila shimo lina namba, na kila namba ina orodha ya vilivyomo. Akitoa mkebe, anafuta. Asipofanya hivyo, anasema, atanunua tena kitu ambacho tayari anakilalia.

Baba yangu alikuwa baharia wa majahazi ya Lamu, kwa hiyo mengine sikuhitaji kufundishwa. Vizito vikae chini na katikati, jambo ambalo kila aliyepakia boriti, au farumi ile ya kutuliza chombo, analijua. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiweka lita 200 upande mmoja, chombo kitakwenda kikichechemea safari nzima. Ndiyo maana wageni hawa wanapenda mitungi ya lita 10 kuliko ya 20. Wanaitawanya, na mmoja ukiharibika mingine ipo. Mzee mmoja wa boti alinisimulia habari za Mwingereza Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga bila kutua popote, mwaka 1968 hadi 1969, siku 312. Boti yake haikufika mita 10, iliundwa Bombay na kuitwa Suhaili, jina ambalo mabaharia Waarabu wa Ghuba huupa upepo wa kusini-mashariki. Maji ya kunywa yaliyokuwa matangini yaliharibika njiani, ikabidi akinge ya mvua. Tangu nisikie hayo sijamcheka tena mteja anayenusa mtungi kabla ya kuujaza.

Sasa katoni. Katoni inakataliwa kwa ajili ya mende. Mayai ya mende hujificha kwenye mikunjo ya karatasi ngumu, na mende wakishaingia nyuma ya mbao za boti kuwatoa ni kazi ya mwaka. Mimi huhamisha kila kitu kwenye vikapu na kreti za plastiki kabla hatujafika majini, na mboga naziosha na kuzianika kivulini mpaka zikauke kabisa, kwani kinachoingia na unyevu kinatoka na ukungu. Duka moja kubwa lilimpelekea mteja wangu vitu ndani ya katoni zilizofungwa nailoni. Akazifungulia zote ufukweni, juani, huku dereva anamlalamikia kuwa anachelewa. Mwezi uliofuata alirudi kwangu.

Mayai wanayachungulia kwa sababu hawataki yaliyokwisha kukaa kwenye friji. Yai lililopoa likitolewa nje hutoka jasho na halikai. Yai bichi la juzi, halijaoshwa, likipakwa vaselini kidogo na trei ikageuzwa kila baada ya siku mbili tatu, hukaa majuma kadhaa bila friji. Muuzaji anayejua hivyo atauza trei nne kwa mtu mmoja. Asiyejua atabaki kusema wazungu wana nongwa.

Kuhusu ndizi, tafadhali tuache kuwabebesha mkungu mzima. Unaiva wote kwa mpigo, na watu wawili hawawezi kula ndizi 100 kwa siku mbili. Nawapa chane moja inayokaribia kuiva, moja ya wiki ijayo na moja ngumu kabisa, nawaambia wazitundike kwenye wavu mbali na matunda mengine, kwa kuwa ndizi mbivu huivisha jirani zake. Viazi na vitunguu pia kila kimoja na wavu wake. Kabichi iuzwe na majani yake ya nje; mpishi atakuwa anabandua jani moja moja badala ya kuikata kisu, nayo itamvusha hadi ng'ambo. Maboga na ndimu hayana maneno.

Kuna jambo moja ambalo nawaomba vijana wanaopeleka gesi walisikie. Msiingize mtungi ndani na kuuacha jikoni "kwa muda tu". Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ngamani na kutulia huko, na cheche moja ya pampu inatosha kulipua chombo. Kila boti nzuri ina kabati la mtungi nje, lenye tundu chini linalotoa hewa baharini. Ulizeni liko wapi, na mwenyewe asipokuwapo, mngojeni. Vilevile msipange mizigo juu ya valvu zinazofunga maji ya bahari yasiingie botini. Mpira wa maji ukipasuka usiku, yule mwenye boti atakuwa anarusha viazi vyenu kimoja kimoja akitafuta valvu ya kufungia.

Ombi langu kwa wanaosimamia pale tunaposhukia ni dogo. Tuwekeeni bomba la maji safi, meza ya saruji na paa la kivuli, tuweze kuosha, kukausha na kuhamisha vitu kutoka kwenye katoni kabla ya kupakia. Wateja wameshaniambia kwamba wangenunua kwetu hata ya safari ndefu kama kungekuwa na mahali pa kufanyia kazi hiyo. Na msomaji aliyelalamika, kama naye ni mfanyabiashara, anione sokoni asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa. Nina kreti za ziada, nitamwazima.

Mama muuza mboga,
Kilifi