Kabla mswada haujarudi

Kansas City, Kansas
Septemba 2022

Mpendwa Mwalimu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikienda kazini, nikaurudia nikitoka. Hongera kwa kufanywa katibu wa kamati ya haki na amani, ingawa nilicheka, maana ulipostaafu uliapa hutaandika tena kumbukumbu za mkutano wa mtu yeyote. Umeniuliza parokia za huku zilifanyaje katika kura ya uavyaji mimba, ili nanyi Nakuru mjipange kabla ule mswada wa afya ya uzazi haujarudi Seneti. Nitakwambia nilivyoona. Mengine hayatamfurahisha mwenyekiti wenu, nawe utajua jinsi ya kuyasoma mbele yake.

Matokeo kwanza: tulishindwa vibaya. Kura ilikuwa Agosti 2. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo la Kansas iliamua, majaji sita kwa mmoja, kwamba katiba ya jimbo inalinda haki ya mwanamke kuavya mimba. Wabunge wakaandika marekebisho ya kuifuta haki hiyo katika katiba na kurudisha jambo zima mikononi mwao. Anayesema Ndiyo anaiondoa haki, anayesema Hapana anaiacha. Hapana ilipata asilimia 59. Waliopiga kura walizidi 900,000, karibu mara mbili ya waliojitokeza katika kura ya mchujo ya Agosti 2018. Na usidhani Kansas ni New York. Hapa chama cha Republican, ambacho wengi wake wanapinga uavyaji, hushinda urais bila jasho.

Usidhani pia kwamba Kanisa lilizembea. Dayosisi kuu yetu, chini ya Askofu Mkuu Joseph Naumann, ilitoa zaidi ya dola milioni 2 kwa kampeni ya Ndiyo iliyoitwa Value Them Both, yaani mthamini mama na mtoto pia. Dayosisi ya Wichita nayo ilichanga. Mahubiri yalitolewa, vijana wakagonga milango ya watu, na kila ukitoka Misa unapewa kibao cha kuchomeka kwenye nyasi za nyumba yako. Yote hayo yanaruhusiwa. Sheria ya kodi ya huku, tangu 1954, inalikataza kanisa kumpigia debe mgombea au kumpinga, lakini kura ya kubadilisha katiba haina mgombea, kwa hiyo padri anaweza kusema wazi kabisa jibu analolitaka. Nilipenda hilo, kusema kweli. Ukikumbuka wanasiasa wetu walivyozoea kushika maikrofoni kwenye harambee za kanisa, hadi mwaka jana maaskofu wakawakataza, utaona kwamba kuna faida pale jambo linapojadiliwa bila mtu wa kushangiliwa.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Wengi watakwambia ni fedha za upande wa pili. Wengine watakutajia chuki dhidi ya Wakatoliki, na chuki ilikuwepo kweli: Julai, kanisa la Ascension huko Overland Park lilipakwa rangi nyekundu, pamoja na sanamu ya Bikira Maria. Lakini kwa maoni yangu tulishindwa kwa sababu ya swali moja ambalo hatukutaka kulijibu, na nililisikia likiulizwa nikiwa nimesimama pale pale mbele.

Parokia yetu ina Wakongo wengi, watu waliopitia kambi kabla ya kufika hapa. Wachache wao wameshapata uraia na wanapiga kura. Mimi bado sina, lakini Kiswahili ninacho, kwa hiyo nikaombwa kutafsiri baada ya Misa siku aliyokuja msemaji wa kampeni. Alieleza vizuri. Alisema marekebisho haya hayapigi marufuku kitu chochote, yanarudisha tu uamuzi kwa wawakilishi wa wananchi. Mama mmoja kutoka upande wa Uvira akasimama, akauliza: "Wakisharudishiwa huo uamuzi, wataandika nini? Msichana akibakwa, sheria yenu itamwambiaje?" Nikatafsiri. Msemaji akasema hilo si swali la kura ya leo, litakuja wakati wake. Nikatafsiri na hilo pia. Yule mama akaketi. Wewe unajua, Mwalimu, vita vya huko kwao Kivu vimewafanya nini wanawake. Pale ukumbini hapakuwa na mtu ambaye kwake swali lile lilikuwa la kinadharia.

Jibu lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mji huu umegawanywa na barabara iitwayo State Line, upande mmoja Kansas, wa pili Missouri. Juni 24 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Roe ya 1973, iliyolinda haki ya kuavya mimba nchi nzima, Missouri ilipiga marufuku uavyaji siku hiyo hiyo, isipokuwa kwa dharura ya kitiba. Aliyebakwa hakuachiwa nafasi. Kwa hiyo sisi tulikuwa tukiwaambia watu "hatupigi marufuku chochote", na wao wanamtazama jirani aliyekwisha kupiga marufuku wiki tano na ushei zilizopita. Wangetuaminije? Nakwambia hata waliokuwa wakikaribia kukubaliana nasi walihisi wanafichwa kitu. Usiku wa kuamkia kura mambo yakazidi kuharibika: ujumbe wa simu ulitumwa kwa wapiga kura ukidai kwamba kusema Ndiyo ni kulinda uhuru wa wanawake kuchagua. Ulikuwa uongo mtupu, na uliosaidia upande wetu. Sikumsikia mtu madhabahuni akiukana.

Hoja nzuri tulikuwa nayo, na hilo ndilo linaloniuma. Wakati wa kura Kansas tayari ilikuwa na sheria: baada ya wiki 22 uavyaji haukuruhusiwa ila mama akiwa hatarini, kulikuwa na kungoja saa 24, msichana mdogo alihitaji ridhaa ya mzazi, fedha za umma hazikulipa. Hofu ya kweli ya maaskofu ilikuwa kwamba kwa ile hukumu ya 2019 vizuizi hivi vitaanguka kimoja kimoja mahakamani. Tungesema hivyo tu: tunataka hiki na hiki kibaki, na mkitupa kura tutaomba wabunge waandike hivi, na kuhusu ubakaji msimamo wetu ni huu, kwa sababu hizi. Msimamo wa Kanisa juu ya hilo ni mgumu, tunaujua wote, na mimi naufuata. Lakini aliyeusikia ukielezwa kwa upole anaweza kubishana nao akiwa amekaa. Aliyefichwa anaondoka, na karatasi ya kura anaenda nayo peke yake. Tena kumbuka zaidi ya nusu ya Wakatoliki wa Marekani wenyewe huwaambia wachunguzi wa maoni kwamba uavyaji uwe halali katika hali nyingi. Tulikuwa tunahubiri kana kwamba viti vyote vya kanisa viko upande wetu.

Sasa turudi kwetu. Unakumbuka Agosti 4, 2010? Agosti ina mambo na maaskofu wetu. Kardinali Njue na wenzake walitaka Wakenya waikatae katiba mpya nzima kwenye kura ya maoni, sababu moja ikiwa kifungu cha 26, na Wakenya asilimia 67 wakasema Ndiyo. Kifungu hicho hicho kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa, jambo ambalo mapadri wengi wa huku wangelilipia kwa dhahabu kulipata katika katiba yao, halafu kinaruhusu uavyaji pale mhudumu wa afya aliyehitimu anapoona dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Vita vyetu vyote tangu hapo vimekuwa juu ya neno "afya" na hiyo "sheria nyingine". Mswada wa 2019 uliletwa na Susan Kihika akiwa seneta wenu, na sasa ndiye gavana wenu. Kwa hiyo msimtafute Nairobi, ofisi yake iko hapo hapo mjini.

Mkiitisha mkutano, tafadhali msianze na maandamano wala na fomu ya sahihi. Chapisheni mswada, mgawane kurasa kwa jumuiya. Ule wa 2019 ulikuwa na mengi: uzazi salama, upangaji uzazi, akina mama wa kubebea wengine mimba, vijana, uavyaji. Mengine hamna ugomvi nayo, na mkiandika kwamba kliniki za wajawazito mnazitaka, kamati ya Seneti itawasoma kwa jicho tofauti watakapofika mahali mnapopinga. Kifungu cha 118 cha katiba kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, kwa hiyo waraka wenu wa maoni una mahali pa kwenda. Kila kipengele mnachokikataa, andikeni chini yake maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Kutosema wazi tunachotaka kiandikwe ndiko kulikotuangusha huku.

Na swali la yule mama liwekeni mkutanoni mapema, kabla halijawekwa na mtu mwingine. Waulizeni wakunga na manesi wa hospitali za misheni, wao wanajua kinachoingia mlangoni usiku. Waulizeni walimu pia. Tangu 1994 sera inasema msichana aliyepata mimba arudi shuleni akishajifungua, na wewe na mimi tulifundisha katika shule yenye kanisa kama mdhamini, tunajua ni wangapi walirudi. Ningependa waraka wenu uwe na ukurasa mmoja kuhusu shule zenu wenyewe. Hapo mwenyekiti atanuna. Mwache anune, yeye ndiye aliyekuteua.

Kwa kuwa mmekaa bila askofu tangu Muhatia apelekwe Kisumu, huenda wengine watasema mngoje. Sioni sababu. Kusoma mswada hakuhitaji kibali.

Nitumie rasimu kabla haijafika kwa paroko, nami nitaisahihisha kwa kalamu nyekundu kama zamani. Watoto hawajambo, mdogo ameanza darasa la nane la huku na Kiswahili chake kimebaki cha kuombea chakula tu. Msalimie sana Mama Mzee, na umwambie dawa za miguu nimempa yule dada anayesafiri mwezi ujao.

Mwenzako wa darasa la ubao mweusi.