Bangili za Wonder Woman

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza kwa nini nampenda Wonder Woman kuliko mashujaa wengine wote wa katuni. Ni kwa sababu ya bangili zake.

Alitokea mara ya kwanza Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, katika toleo la 8 la jarida la All Star Comics. Mtunzi wake alikuwa mwanasaikolojia William Moulton Marston, aliyekuwa amebuni njia ya kumtambua mwongo kwa kupima shinikizo la damu. Nadhani ndiyo maana kamba ya shujaa huyu humlazimisha aliyefungwa kutii na kusema kweli. Michoro ilikuwa ya H. G. Peter. Nyumbani kwake, Marston aliishi na mkewe Elizabeth, msomi wa sheria na saikolojia, pamoja na mpenzi wake mwingine, Olive Byrne, aliyezoea kuvaa bangili pana mikononi, na bangili hizo ndizo zilizoingia katika katuni.

Katika hadithi, Malkia Hippolyta wa Waamazoni, wanawake wapiganaji wa hekaya za Kigiriki, anamfinyanga mtoto kwa udongo, na mungu wa kike Aphrodite anamtia uhai. Binti huyo anapokua huvaa bangili kama Waamazoni wenzake, ili wasisahau kwamba Hercules aliwahi kuwafanya watumwa. Hapo ndipo moyo wangu ulipotekwa, rafiki yangu: alama ya utumwa ndiyo anayokingia risasi! Anainua mkono, anaelekeza kifundo kwenye mtutu wa bunduki, na risasi inadunda. Lakini mwanamume akifunga minyororo kwenye bangili hizo hizo, nguvu zote zinamtoka.

Yaliyomkuta baadaye bado yananiuma. Alipoingizwa katika chama cha mashujaa mwaka 1942 alipewa kazi ya ukatibu, na wenzake walipokwenda vitani yeye alibaki. Marston alifariki mwaka 1947, na mwaka 1968 waandishi wengine walimvua Wonder Woman nguvu zake wakamfungulia duka la nguo. Gloria Steinem, mwandishi na mtetezi wa haki za wanawake, na wenzake hawakukubali. Julai 1972 walimweka kwenye jalada la Ms., jarida lao la kutetea wanawake, akiwa mkubwa kuliko majengo, akipiga hatua juu ya mji, huku maandishi yakimtaka awe rais. Mwaka uliofuata alirudishiwa nguvu zake.

Nakala ya jalada hilo nimeibandika juu ya meza ninayokuandikia, na nyingine nimeikunja ndani ya bahasha hii kwa ajili ya binti yako. Mwonyeshe bangili kwanza.

Wako akupendaye daima.